Francis Kéré wa Gando: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu masomo, kazi na namna anavyojenga pamoja na wanakijiji

Nafundisha vijana uashi. Kila mwaka, tukifika kwenye somo la matofali ya udongo, huwaonyesha picha za shule ya msingi ya Gando, na maswali huanza kumiminika. Mengine yameulizwa na wazazi walio kwenye kamati za ujenzi wa shule, mengine na wanafunzi wa sekondari wanaotaka kusomea usanifu majengo. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kadiri ninavyoyafahamu mambo haya.

Francis Kéré ni nani?

Diébédo Francis Kéré ni msanifu majengo aliyezaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, kusini-mashariki mwa Ouagadougou. Wakati anazaliwa nchi yake iliitwa Volta ya Juu. Jina la Burkina Faso lilikuja mwaka 1984, enzi za Rais Thomas Sankara. Ofisi yake iko Berlin, na ana uraia wa Burkina Faso na wa Ujerumani. Machi 2022 alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika usanifu majengo. Tuzo hiyo imekuwa ikitolewa tangu 1979, na hakuna Mwafrika aliyewahi kuipata kabla yake.

Wengi wamelisikia jina lake kwa sababu ya tuzo hiyo. Mimi humwanzia kwenye shule moja ya madarasa matatu aliyoijenga kijijini kwao akiwa bado mwanafunzi, kwa sababu kila alichokifanya baadaye kimechipuka pale.

Ndiye yule msanifu aliyezaliwa Dar es Salaam?

Hapana. Huyo ni David Adjaye, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1966, wazazi wake Waghana, baba akiwa mwanadiplomasia. Yeye ni mmoja wa waliosanifu jumba la makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi lililofunguliwa Washington mwaka 2016. Ni watu wawili tofauti kabisa, na majengo yao hayafanani.

Kéré alisomaje ikiwa Gando hakukuwa na shule?

Aliondoka nyumbani. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji na Francis alikuwa mtoto wake wa kwanza wa kiume. Mzee alitaka ndani ya nyumba awepo mtu wa kumsomea barua zinazoletwa na kumwandikia majibu. Basi mtoto akiwa na miaka 7 akapelekwa mji wa Tenkodogo, kukaa na ndugu na kuanza darasa la kwanza. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Gando kwenda shule.

Darasa alilolikuta lilikuwa la matofali ya saruji, lenye mwanga hafifu na hewa nzito, na ndani yake wamebanana watoto zaidi ya 100. Amelisimulia darasa hilo mara nyingi, na anasema ni humo alimoanza kuwaza kwamba siku moja atajenga darasa lililo bora kuliko lile.

Hapa naomba niongeze langu, kwa sababu wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua hali hii kwa ngozi yao. Nilisoma chini ya bati tupu lisilo na dari. Ikifika saa nane mchana mwezi wa kumi, bati lilianza kulia tik, tik, likitanuka kwa jua, na jasho lilidondoka kwenye daftari mpaka wino unachuja. Mvua ikinyesha ndiyo kabisa: mwalimu aliweka chaki mezani, akakunja mikono, nasi tukakaa kimya kusubiri, kwani hata ukipiga kelele wa dawati la pili hakusikii. Kwa hiyo Kéré akieleza darasa la Tenkodogo, sihitaji kuonyeshwa picha.

Kuna kumbukumbu nyingine ya utotoni anayoitaja, na hii ni ya faraja. Bibi yake aliketi ndani ya chumba chenye mwanga mdogo akiwatambia hadithi, watoto wamesogeleana, na sauti yake ikawakusanya wote kama vile chumba chenyewe ndicho kinachosimulia. Anasema hapo ndipo alipohisi kwa mara ya kwanza maana ya jengo.

Ni kweli alianza kama seremala?

Ni kweli, na vijana wangu hupenda sana sehemu hii. Mwaka 1985 alipata ufadhili wa kwenda Berlin kusomea useremala. Mchana alijifunza kutengeneza samani na mapaa. Usiku alihudhuria masomo ya sekondari ili apate sifa za kuingia chuo kikuu. Miaka 10 ikapita hivyo. Mwaka 1995 akapata nafasi na ufadhili wa kusomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, akahitimu mwaka 2004.

Piga hesabu mwenyewe: alikuwa na miaka 39 alipokabidhiwa shahada. Namkumbusha hilo kila kijana anayekuja kuniambia amechelewa kwa kuwa ana miaka 24 na bado yuko veta, chuo cha ufundi stadi. Isitoshe, ile miaka ya randa na msumeno haikupotea. Ukiangalia mapaa yake unaona mkono wa mtu aliyewahi kubeba mbao begani, anayejua kipande kipi kitabebeka na watu wawili bila winchi.

Ilikuwaje akajenga shule kabla hajahitimu?

Kwa sababu alijiona ana deni. Amesimulia kwamba kila likizo ilipoisha, kabla hajaondoka Gando, alizunguka nyumba kwa nyumba kuaga. Akina mama walifungua mafundo ya nguo zao na kumpa sarafu, mara nyingi ile ya mwisho waliyokuwa nayo. Alipomuuliza mama yake kwa nini wanafanya vile, jibu lilikuwa kwamba wanachangia masomo yake ili siku moja afanikiwe, arudi aisaidie jamii yao.

Sisi tunalijua fundo hilo la khanga. Bibi akikufungulia fundo ukiwa unaenda stendi, shilingi zile huzitumii hivi hivi.

Mwaka 1998, akiwa bado chuoni, alianzisha pamoja na marafiki chama cha kuchangisha fedha Ujerumani kwa ajili ya kujenga shule Gando. Jina lake la Kijerumani lina maana ya matofali ya shule kwa ajili ya Gando; siku hizi kinaitwa Taasisi ya Kéré. Kufikia mwaka 2001 shule ilikuwa imesimama. Mwaka 2004, mwaka uleule aliohitimu, shule hiyo ikapewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Ofisi yake mwenyewe aliifungua Berlin mwaka uliofuata.

Wanakijiji walikubali mara moja wazo la udongo?

Hawakukubali, na hawakuwa wajinga kukataa. Nyumba ya udongo waliijua kuliko yeye: kila msimu wa mvua ukipita inabidi kuta zikandikwe upya, na nyingine huanguka. Walimpeleka mtoto wao Ulaya, wakamsubiri miaka yote ile, halafu anarudi kuwaambia wajenge kwa udongo? Walitegemea saruji na vioo kama vya majengo ya mjini.

Hakuwashinda kwa maneno. Kwanza, watu wengi kijijini hawakujua kusoma ramani ya karatasi, kwa hiyo mambo yalielezwa kwa vitendo, tofali mkononi. Pili, alijenga vielelezo vya ukubwa halisi, kila mtu akavikagua mwenyewe. Kuna wakati lilijengwa tao la matofali ya udongo kwa ajili ya majaribio. Yeye na mafundi wake wakapanda juu yake wakaruka-ruka, kijiji kizima kinatazama. Tao halikuvunjika. Baada ya hapo hukuhitaji hotuba.

Kisha kazi ikaanza, na kila kundi likashika sehemu yake. Wanaume walifyatua matofali na kujenga kuta, akina mama waliteka maji na kushughulikia sakafu. Ile sakafu ndiyo ningependa uione kwa macho. Udongo unamwagwa, unamwagiwa maji, kisha akina mama wanasimama mstari, kila mmoja na kipande chake cha ubao chenye mpini, wanaanza kushindilia kwa pamoja kwa mdundo, pu, pu, pu, saa baada ya saa, mpaka chini panatoa mlio mgumu. Halafu wanapiga magoti wakisugua kwa jiwe laini, wakirudia palepale mpaka uso unang'aa na ukipitisha kiganja hukwaruzwi. Ufundi huo Kéré hakuutoa Berlin. Akina mama wa kwao wanao tangu zamani, na yeye akauingiza darasani.

Udongo hauliwi na mvua? Walifanyaje?

Hili huulizwa na mafundi kuliko swali lingine lolote. Walitumia matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono ya kufyatulia, kisha yakaanikwa. Hayakuchomwa. Shirika la serikali la kukuza vifaa vya ujenzi vya ndani ndilo lililowapa wanakijiji mafunzo ya kufyatua.

Kinga kubwa zaidi iko juu na chini. Juu, bati limetokezwa mbali nje ya ukuta, kwa hiyo mvua haiupigi ukuta na jua la mchana haliufikii. Chini, jengo limekaa juu ya msingi mgumu. Sisi wa vijijini tuna usemi kwamba nyumba ya udongo inataka kofia nzuri na viatu vizuri. Gando ina vyote viwili.

Na kule kutochoma ni jambo kubwa. Nenda sehemu yoyote ya kwetu wanakochoma matofali uone magogo yaliyopangwa pembeni ya tanuri. Miti inayoteketea kwa nyumba moja inasikitisha. Burkina Faso iko ukanda wa Saheli, ambako mti ni mali adimu.

Darasa linapoaje bila feni wala umeme?

Hapa ndipo penye ubingwa wake, na nitakaa kidogo.

Katika darasa la kawaida bati limegandamana na chumba. Jua linalipasha, hewa iliyo chini yake inakuwa ya moto na kubaki palepale juu ya vichwa vya watoto, kwa kuwa haina pa kutokea. Burkina Faso joto hufika nyuzi 40 kabla ya mvua kuanza. Fikiria watoto 50 ndani ya chumba hicho.

Kéré alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvishonea pamoja. Aliweka dari ya matofali yaliyopangwa kwa kuachiana nafasi, kisha bati akalinyanyua juu kabisa, likasimama peke yake kama mwavuli. Katikati pana uwazi ambamo upepo hupita muda wote. Hewa ya moto ya darasani inapanda, inapenya kwenye nafasi za dari, inachukuliwa na upepo ule na kwenda zake. Hewa safi inaingia chini kupitia madirisha ya vipande vinavyofunguka. Bati linaweza kuwaka moto litakavyo, halimgusi mtoto. Na kwa uzoefu wangu, dari nzito kama ile inameza pia kelele za mvua, kwa hiyo mwalimu hana sababu ya kuweka chaki mezani.

Vijana huuliza kenchi za kubebea bati lililonyanyuliwa hivyo zilipatikanaje kijijini, pasipo mashine kubwa. Walitumia nondo za kawaida, zilezile tunazofungia zege. Zilikatwa kwa msumeno wa mkono, zikaunganishwa kwa mashine ndogo ya kuchomelea, na watu waliofundishwa palepale. Ukiitazama kenchi ile kwa karibu unaona nondo nyembamba zilizopindwa na kushikana kama utando, nyepesi, na bado inabeba paa zima.

Madarasa yenyewe ni matatu kwenye mstari mmoja, na kati yao pameachwa nafasi wazi zenye paa juu, ambapo watoto wanasoma au kucheza kivulini.

Iligharimu kiasi gani?

Takriban dola 30,000 za Marekani. Usiilinganishe moja kwa moja na bei za leo, ila kumbuka kwamba nguvu kazi kubwa ilitoka kijijini, na udongo ulichimbwa palepale.

Baada ya shule hiyo kilifuata nini Gando?

Wanafunzi waliongezeka kutoka 120 hadi 700. Hilo peke yake lilidai majengo mapya, lakini kabla ya kuongeza madarasa Kéré alijenga nyumba za walimu, zilizokamilika mwaka 2004. Namheshimu sana kwa mpangilio huo. Sote tunajua kinachotokea mwalimu kijana akipangiwa kijiji kisicho na nyumba: anaripoti, anazunguka kutafuta chumba, mwezi wa tatu anaomba uhamisho. Darasa zuri lisilo na mwalimu ni ghala.

Upanuzi wa shule ulikamilika mwaka 2008, ukiwa na dari ya tao. Zikafuata kazi za maktaba na shule ya sekondari. Dari ya maktaba ilitengenezwa kwa vyungu. Akina mama walileta vyungu vyao vya kufinyanga, vikakatwa juu na chini, vikapangwa kwenye dari kabla zege halijamwagwa. Zege liliposhika, kila chungu kikawa tundu la duara la kupitishia mwanga na hewa. Ukisimama ndani na kuinua uso unaona miduara mikubwa kwa midogo, haifanani, kwa kuwa kila mfinyanzi ana mkono wake.

Jambo jingine ambalo magazeti hulipita haraka: mafundi waliofunzwa Gando walianza kuitwa kwenye kazi nyingine, zikiwemo za umma, na vijiji viwili vya jirani vikajijengea shule kwa njia ileile. Kazi ya msanifu ikiendelea bila msanifu mwenyewe kuwepo, mimi huhesabu kwamba hapo kweli ameongoza.

Uongozi wake una tofauti gani na msaragambo wetu?

Unafanana nao sana, na tofauti iliyopo ndiyo ya kujifunza.

Tanzania tumejenga kwa nguvu za wananchi miaka mingi. Wazazi wanasomba mawe na mchanga, wanapandisha boma la darasa mpaka kwenye lenta, kisha wanasubiri serikali ilete bati. Kenya kuna harambee, Rwanda kuna umuganda. Watu wetu hawajawahi kukataa kujitolea. Kasoro niliyoiona kwenye kamati nyingi ni kwamba mwananchi huitwa kuja kubeba. Ramani inakuja imekwisha chorwa, vipimo vimekwisha amuliwa, yeye anaambiwa siku ya kuleta ndoo. Niliwahi kukaa kwenye mkutano ambapo bibi mmoja aliuliza kwa nini madirisha yameelekezwa upande vumbi linakotokea, akaambiwa ramani ndivyo ilivyo. Darasa likajengwa. Madirisha yale sasa yamezibwa kwa mabati na watoto wanasoma gizani.

Gando, wanakijiji walishiriki kuanzia kwenye shaka. Waliruhusiwa kukataa, wakaonyeshwa, wakajaribu, wakafundishwa, na waliyoyajua wao yakaingia kwenye jengo: sakafu ile, vyungu vile. Hata Ujerumani, katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich alikoanza kufundisha kama profesa mwaka 2017, kitengo chake ni cha usanifu na ushirikishwaji.

Kumsifu mtu wa udongo si kuturudisha nyuma?

Naielewa hofu hiyo. Nyumba ya tope kwetu ni alama ya umaskini, na mzazi aliyehangaika kuitoka hataki kuona mwanawe anarudishwa humo kwa jina la utamaduni.

Lakini Kéré hakusema saruji ni haramu. Anatumia zege, chuma na bati pale kinapohitajika, na Gando yenyewe ina vyote vitatu. Anachokisema, na amekirudia mara nyingi, ni kwamba kuwa tajiri si ruhusa ya kufuja vifaa, na kuwa maskini si sababu ya kutotafuta ubora. Mimi namwunga mkono kwa moyo wote. Tofali la saruji lisilo na nafasi ya hewa, chini ya bati tupu, mkoa wenye joto kali, si maendeleo kwa mtoto anayekaa humo saa saba kila siku.

Kazi zake nyingine ni zipi?

Burkina Faso alishirikiana na mwongozaji wa filamu na tamthilia Mjerumani, Christoph Schlingensief, kuanzisha kijiji cha opera huko Laongo, kazi iliyoanza 2010. Schlingensief alifariki mwaka huohuo, na kazi ikaendelea. Leo pana shule na, tangu 2014, kituo cha afya. Koudougou kuna sekondari ya Lycée Schorge ya mwaka 2016, iliyojengwa kwa tofali jekundu la laterite na kuzungukwa na miti ya mikaratusi iliyosimamishwa kama wavu wa kivuli, na pia Taasisi ya Teknolojia ya Burkina. Ouagadougou alisanifu kaburi la kumbukumbu la Thomas Sankara na wenzake 12, mahali palepale walipouawa tarehe 15 Oktoba 1987. Lilizinduliwa Mei 2025.

Nje ya nchi yake yapo majengo ya Hifadhi ya Taifa ya Mali jijini Bamako, na bunge la Benin alilolisanifu kwa ajili ya Porto-Novo kwa mfano wa mti mkubwa ambao wazee hukaa chini yake kuamua mambo. Mti huo ulimfuata hata London mwaka 2017, alipopewa kujenga banda la majira ya kiangazi la jumba la sanaa la Serpentine. Paa lilikuwa duara, linakusanya maji ya mvua na kuyamwaga katikati kama maporomoko, na kuta zilikuwa za rangi ya buluu. Kwao kijana akiwa na jambo kubwa huvaa buluu, na yeye alitaka kufika London akiwa amevaa vizuri.

Amepata tuzo gani?

Mbali na Aga Khan na Pritzker, alipata tuzo ya dhahabu ya Holcim mwaka 2012 kwa ajili ya sekondari ya Gando, na Praemium Imperiale ya Japani mwaka 2023. Zipo nyingine nyingi.

Kabla yake hatukuwa na wasanifu Waafrika?

Tulikuwa nao, na inauma kwamba majina yao hayafundishwi. Soko la Kariakoo, lenye zile nguzo zilizochanua juu kama miavuli mikubwa, lilisanifiwa na Mtanzania Beda Amuli miaka ya 1970. Ukiwa Dar es Salaam, pita pale utazame juu.

Nataka kusomea usanifu majengo. Nianzie wapi?

Afrika Mashariki kozi hiyo ipo Chuo Kikuu Ardhi Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, Makerere, na Chuo Kikuu cha Rwanda. Sifa za kujiunga hubadilika, kwa hiyo ziulize chuoni moja kwa moja. Ukihitimu Tanzania, utatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi kabla ya kufanya kazi kwa jina lako mwenyewe. Kenya nayo ina bodi yake.

Lakini usisubiri barua ya chuo. Likizo hii tafuta fundi mzuri umwombe ubebe zege. Jifunze kusoma uzi, timazi na pima maji. Panda kwenye kenchi ushike nyundo. Na kama ulipita veta ukafikiri mlango wa chuo kikuu umefungwa, rudi juu usome tena miaka ile kumi ya Berlin.

Kuna jengo lake lolote karibu nasi?

Lipo Kenya. Pembezoni mwa Ziwa Turkana, kwenye joto na upepo wa vumbi, alisanifu chuo cha kuwafundisha vijana ujuzi wa kompyuta na teknolojia ya habari, kilichokamilika mwaka 2021. Kimejengwa kwa mawe ya hapohapo na kimefuata mteremko wa kilima. Juu yake imesimama minara mirefu iliyochukua umbo la vichuguu, maana ukanda ule una vichuguu virefu kuliko mtu. Minara hiyo inafanya kazi ya kichuguu chenyewe: hewa ya moto inapandishwa na kutolewa juu, ya baridi inaingia kupitia matundu ya chini, na mavumbi hayafiki kwenye kompyuta.

Ni safari ndefu kutoka Lodwar, na ni chuo chenye wanafunzi, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Ukikubaliwa, omba kuingia mchana wa saa nane. Simama chini ya mnara mmoja, nyoosha kiganja kwenye tundu la chini, subiri kidogo. Utausikia upepo ukiingia.